Gitaa Nililolipiga Msasa

Newala, Jumamosi alasiri

Mwanangu Editha,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako nimeiona kwa macho yangu saa saba mchana, ulipokuwa unabugia muhogo wima ili uwahi kwenda kumuaga bibi yako. Hujambo wewe. Asiyejua kama ni mzima au mgonjwa ni mimi. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, nimesukuma randa na misumari pembeni, na karatasi hii nimeiweka juu ya ubao wa kitanda cha watu, kitanda nilichoahidi kitakuwa tayari jana. Mwenyewe ameshapita mara mbili. Nimemwambia gundi haijakauka. Gundi yenyewe sijaipaka.

Unaona? Hata barua haijashika njia, nimeshakuonyesha uongo mmoja.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako ameshakwambia yote, na mengine amekwambia mara tatu: pesa uzishone wapi, maji ya njiani usinywe, ukifika chuoni uandike siku hiyo hiyo. Mimi nina neno moja tu, na limenikaa kooni miaka saba. Ni habari ya gitaa. Najua ukifika hapa utataka kuikunja barua. Usiikunje. Isome leo hii kabla hujalala, kwa sababu kesho alfajiri Hilari anakuja na lori kukupeleka Masasi kwenye basi, na sitaki ukae naye saa tatu nzima za mteremko na vumbi huku umegeuzia uso dirishani kwa kosa ambalo si lake.

Hilari hakulichukua gitaa. Nililiuza mimi.

Haya, nimeshaandika. Ngoja nikanywe maji.

Nimerudi. Sasa sijui nianzie wapi, maana kila nikianza naona kuna kitu cha nyuma yake ambacho ndicho kilichokisababisha. Nianze na mjomba wangu. Hukumkuta, lakini habari zake unazijua. Aliondoka Lulindi akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga, kama walivyokwenda wengi wa huku kwetu, na wenzake waliporudi na baiskeli na cherehani yeye alirudi na gitaa kwenye sanduku jeusi. Mgiriki mwenye shamba alikuwa analipiga jioni kwenye baraza yake, na alipofunga virago kuondoka nchini akamwachia mjomba, sijui kwa mapenzi, sijui kwa kukosa pa kuliweka. Watu wa Lulindi walimcheka mpaka basi. Walimuuliza amemzika nani, amerudi na jeneza la kitoto namna hiyo. Alipolifungua na kupiga, wakanyamaza.

Halikuwa gitaa kama haya ya bendi, bapa, lenye tundu la duara katikati. Lile kifua chake kilikuwa kimebinuka. Mtu alichukua ubao mnene akauchonga na kuuchonga mpaka ukawa mwembamba, umeinuka katikati kama mgongo wa kobe, akaupasua matundu mawili marefu yaliyojipinda mfano wa herufi f, moja kushoto na moja kulia. Rangi ilikuwa ya asali katikati, ikienda pembeni inaiva mpaka inakuwa nyeusi. Na vanishi ilikuwa imepasuka vijiufa vidogo vidogo kila mahali. Mimi ni seremala, Editha. Nilipoliona mara ya kwanza, nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi, nilisema moyoni: siku moja nitalitengeneza hili. Nafikiri kosa langu lilianzia hapo. Au lilianza baadaye, sijui.

Mjomba alipofariki gitaa lilikuja kwangu. Alikuwa na binti yake wa kumzaa, aliyemuuguza miezi yote ile ya kikohozi, lakini unajua kwetu mali ya mwanamume haiendi kwa mtoto wake, inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Yule binti alilifuta sanduku vumbi, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, lako hili." Nikalipokea. Sikumtazama usoni. Nilikuwa nimefurahi, na siku ile mila niliiona ni kitu kizuri kweli kweli.

Ikaja kunigeukia. Maana mtoto wa dada yangu ni Hilari, na Hilari, Mungu amsaidie, akishika gitaa utadhani anamkamata kuku. Aliyelijua alikuwa wewe. Ulianza ukiwa na miaka minane, gitaa limekuzidi, kidevu umekiweka juu yake, kwa kidole kimoja unatafuta wimbo wa kwaya ya Jumapili. Mimi nilikufundisha mitego mitatu ya vidole niliyofundishwa na mjomba, na baada ya mwaka mmoja ulikuwa unanifundisha mimi. Mama zako wa mtaani wakitoka bondeni na ndoo za maji kichwani walikuwa wanasimama uani kwetu kukusikiliza, na ndoo hawatui. Dada yangu alikuwa akija anatazama, anatabasamu, halafu akiondoka ananiambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hilo ni la Hilari, usisahau." Nami najibu, "Nitasahau vipi?" Na kila akisema hivyo nilikuwa nachukia kwa siku mbili, bila kujua namchukia nani.

Sasa njoo kwenye ule mwaka. Ulikuwa umemaliza darasa la saba. Ndiyo miaka ya ruksa, mambo yamefunguliwa. Wewe hukumbuki vizuri tulivyokuwa tunapanga foleni ya sabuni, mche mmoja tunaukata kwa uzi nyumba tatu. Halafu ghafla, lo! Maduka yakajaa. Mitumba ikamwagwa stendi mpaka watu wakawa wanachagua rangi. Korosho, ambazo tangu nipate akili zilikuwa na mnunuzi mmoja, sasa zikaja kununuliwa na watu binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake. Wakaja pia wanunuzi wa vinyago. Kila mtu akawa mfanyabiashara, hata mimi nikaandika kibao, "Fundi Bora", ingawa fundi mwingine mtaani hakukuwapo. Nilichanganyikiwa, lakini ni kule kuchanganyikiwa kwa furaha, kama mtu aliyeamshwa akakuta sherehe imeanza.

Na barua yako ya kuchaguliwa kidato cha kwanza ikafika siku hizo hizo, na nyuma yake orodha: ada, godoro, ndoo, sare, jembe. Maana kufunguliwa kwa mambo kulikuja na hilo pia, kwamba mzazi achangie. Nilisoma ile orodha, nikaigeuza, nikaisoma tena.

Utamkumbuka yule bwana wa miwani. Tulikuwa tumepeleka korosho zetu kupimwa, wewe umekaa juu ya magunia unapiga gitaa ukiningoja. Yeye alikuja na lori la wanunuzi, lakini si mnunuzi wa korosho, alipewa tu lifti. Kazi yake ni kutafuta na kutengeneza ala za muziki, kule Dar. Alikusikiliza mpaka mwisho, akakuomba urudie. Kisha akaomba kulitazama gitaa. Ulimpa. Akatoa tochi ndogo na kioo cha kunyolea, akaingiza mwanga kwenye tundu, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani, ile ya manjano yenye namba iliyoandikwa kwa mkono. Akanivuta pembeni, wewe ukabaki kwenye magunia.

"Mzee," akasema, "kama siku moja utaliuza hili, niuzie mimi. Lakini nilicho nacho mfukoni leo hakilingani nalo. Nikikupa hiki nitakuwa nimekuibia. Nipe wiki mbili nirudi."

"Sawa."

"Na nakuomba kitu kimoja. Usiliguse. Usilifute hata kwa kitambaa. Liache hivyo hivyo lilivyo."

Nikasema sawa tena. Ukitaka kujua ujinga unavyoingia, uliingia hapo, nikiwa nimesimama na jua kichwani. Nilijiuliza: mtu anayetaka kununua kitu, kwa nini anaogopa kisije kikasafishwa?

Kabla ya lolote nilimfuata Hilari. Alikuwa utingo wakati ule, kijana wa miaka ishirini. Nilimkuta chini ya lori, amelala chali, miguu tu ndiyo iko nje. Nikaiambia ile miguu, "Hilari, lile gitaa ni lako kwa mila, na mimi nataka kuliuza Editha asome. Tutagawana." Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata na maneno makali tayari, ya kumkumbusha nani amemlea. Akatoka chini ya gari, uso umejaa grisi, akanicheka.

"Mjomba, mimi gitaa nitalifanyia nini, nitalipakia magunia? Uza. Mtoto asome."

"Hutaki kufikiri kwanza?"

"Nifikiri nini? Ila Editha mwenyewe umemuuliza?"

Nikasema nitakuuliza. Sikukuuliza. Wewe ulikwenda Lupaso kwa mama yako mkubwa kumuaga kabla ya shule, na mimi nikasema moyoni, akirudi nitamkalisha chini nimweleze. Hilari, ambaye kwa sheria yetu ningeweza kumwamuru tu, nilimuuliza. Wewe, ambaye vidole vyako ndivyo vilivyokuwa juu ya zile nyuzi, sikukuuliza. Hilo bado linanichanganya.

Sasa kazi yenyewe. Naiandika polepole kwa sababu inaniuma kama jana.

Unawajua wachonga vinyago wa hapa barabarani. Mwaka ule walikuwa wamejifunza wote somo moja: mgeni anataka kitu cheusi kinachong'aa. Mti ukiwa si mpingo, unaupiga msasa, unaupaka dawa ya viatu, unausugua kwa kitambaa mpaka jioni, na kesho yake ni mpingo. Chenye ufa hakiangaliwi mara mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewasugulia viwili vitatu kwa ujira, na viliondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nikakaa nikapiga hesabu zangu za kijinga. Nikaona bwana wa miwani ameziona zile nyufa za vanishi, na anataka zibaki ili aje alinunue gitaa kwa bei ya kitu kikuukuu. Nikajiona mjanja kuliko mtu wa Dar. Nikamwambia mama yako, "Huyu nimemjua."

Mama yako akasema, "Amekwambia usiguse, Baba Editha."

"Wewe hujui biashara," nikamjibu.

Nikalegeza nyuzi. Nilipozitoa tu, daraja likaanguka mkononi mwangu. Daraja ni kile kipande cha mti kinachokaa juu ya kifua cha gitaa na kubeba nyuzi zote. Nikashtuka, nikadhani gundi imekufa kwa uzee. Kumbe magitaa ya namna ile daraja haligundishwi kabisa, linashikwa na nyuzi zenyewe zinavyolikandamiza. Nimekuja kuambiwa baadaye. Siku ile nikaona hapa ndipo penye ufundi, nikachonga daraja jipya la mpingo wa kweli, likapendeza, nikaligundisha pale kwa gundi ya vitanda. Lile la zamani nikalitupia kwenye kopo la skrubu.

Kisha msasa. Siku mbili, Editha. Nilianza na msasa mkali nikamaliza na laini. Rangi ya asali ikatoka ikawa vumbi sakafuni, na nyufa zote zikaondoka, na mti ukabaki mweupe, safi, nikafurahi. Nilikuwa napiga mluzi! Nikapaka dawa ya viatu nyeusi, nikasugua, nikapaka vanishi mpya ya dukani juu yake. Ile karatasi ya ndani nikaiona imechakaa, imeliwa na wadudu pembeni, inaharibu sura. Nikaikwangua kwa waya, ikatoka vipande vipande, nikawashia jiko.

Lilipokauka nilimwita mama yako atazame. Lilikuwa linang'aa hata ungeweza kujiona. Akasema, "Limekuwa zuri," lakini alisema kama mtu anayemsifia mgonjwa. Nikapachika nyuzi, nikapiga. Sauti ilikuwa ipo, ila imekwenda mbali, kama inatokea chumba cha pili. Nikajiambia vanishi haijakauka vizuri.

Bwana wa miwani akarudi kama alivyosema. Nikamfungulia sanduku hapa hapa nilipokaa sasa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakaa kwenye mbao zangu.

"Mzee, nilikwambia usiliguse."

"Nimelisafisha."

"Umelisafisha," akasema. "Na karatasi ya ndani?"

"Nimewashia mkaa."

Nilidhani atakasirika. Ningeweza kupambana na hasira. Yule bwana alilia, Editha, mtu mzima, mbele yangu, na nilikuwa hata sielewi analilia nini. Mti ni ule ule. Kazi ya mkono wangu ilikuwa safi, naapa, hakukuwa na mkwaruzo. Akajaribu kunieleza kwamba yule fundi wa zamani alipima unene wa kifua kile kwa kukigonga na kusikiliza, na hata ile vanishi yake ilikuwa sehemu ya sauti, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa inasema gitaa ni la nani, na yaliyobaki kama hayo duniani ni machache. Nikamsikiliza. Mpaka leo nusu nimeelewa na nusu sijaelewa. Tangu nizaliwe nimefundishwa kwamba kipya ni bora kuliko kikuukuu, na mwaka ule nchi nzima ilikuwa inaniambia hivyo hivyo kwa sauti kubwa. Huyu mmoja akaja kuniambia uchafu ule ndio uliokuwa mali.

Mwisho akauliza, "Na daraja lake la mwanzo liko wapi?"

Kopo la skrubu lilikuwa hapa, mkono wangu wa kulia. Nikasema, "Nilitupa."

Usiniulize kwa nini. Labda nilichoka kuonekana mjinga. Labda nilitaka kibaki kitu.

Alilinunua hata hivyo, kwa bei ya gitaa la kawaida, akasema atajaribu kuliokoa. Ilitosha ada yako, godoro, ndoo na sare, jembe ukachukua la nyumbani. Bei aliyokuwa ameileta mfukoni aliniambia nilipomuuliza, na bora nisingeuliza. Ingekusomesha wewe mpaka mwisho, na Hilari angekuwa anaendesha lori lake mwenyewe, si la mtu. Hilari hakupata hata senti. Nilimweleza ukweli wote jioni ile, akasema, "Basi, mjomba, yameisha."

Wewe ukarudi kutoka Lupaso kesho yake. Hukuweka hata mzigo chini. Uliingia chumbani, ukatoka, ukauliza, "Baba, gitaa liko wapi?"

Nilikuwa nimepanga kusema nimeliuza. Naapa nilikuwa nimepanga. Lakini niliona utauliza nimeliuza kwa nani, na kwa kiasi gani, na lilikuwaje, na mwisho wake ningefika kwenye msasa. Kuuza ningeweza kukuambia uso kwa uso. Kuliharibu sikuweza. Kinywa kikajisemea, "Hilari amekuja kulichukua. Ni lake kwa mila." Wewe hukulia. Ulikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki ile ile Hilari akaja hapa. "Mjomba, Editha ana nini na mimi? Nimekutana naye njia ya bondeni, amenipita kama nimekuwa mti. Hata shikamoo hakunipa." Nikamwambia nilichokuambia. Nikamwambia na sababu. Alikaa anabandua tope kavu kwenye kandambili zake.

"Basi acha," akasema. "Akienda shule akiwa na kinyongo na mimi si kitu. Akienda na kinyongo na wewe hatasoma. Akikua utamwambia."

"Nitamwambia."

"Ila usichelewe sana, mjomba."

Miaka saba, mwanangu. Kila likizo nilisema likizo hii. Mama yako aliniuliza kila ulipoondoka, "Umemwambia?" akaja akaacha kuuliza, na kuacha kwake kuliniuma zaidi. Nilikununulia lile gitaa la dukani Masasi, ukashukuru kwa adabu, ukalitundika ukutani, na halijashuka mpaka leo. Watu mtaani walisema binti wa fundi ana kiburi, hamwamkii mtoto wa shangazi yake aliye mkubwa kwake. Nilisikia, nikanyamaza, nikaendelea kupiga randa.

Na harusi ya Hilari mwaka jana. Uliandika una mitihani. Nilijua huna mitihani, na yeye alijua. Alikuwekea sahani ya pilau, akaifunika, na kila mtu aliyetaka kuichukua alimwambia ina mwenyewe. Jioni ikabidi wapewe watoto. Nilimwona akiifunua. Hilo ndilo lililonikalisha hapa leo, si jingine. Gitaa nimeshalilia nikamaliza, lakini ile sahani kila nikila pilau naiona.

Ungetegemea baba yako akupe busara moja ya kuondoka nayo. Nimeitafuta hapa tangu saa nane, na nilichokiona ni mambo madogo. Kwamba mtu akinikataza kitu, siku hizi namuuliza kwa nini, hata kama nitaonekana mshamba. Kwamba nikishika kitu cha zamani cha mtu, kiti au mlango, nakaa nacho siku nzima kabla ya kuchukua msasa, na wateja wananikasirikia. Na kwamba uongo wangu sikuubeba mimi, nilimtwisha mwingine, mpole kuliko mimi, na yeye kwa upole wake akaurahisisha, ndiyo maana ukadumu. Angenigombeza ningekwambia ndani ya mwezi mmoja. Huko uendako utakutana na watu wapole. Sijui hata nakushauri nini hapo, ila waangalie vizuri.

Mila pia sijui nikwambie nini. Iliponipa niliipenda, ilipotaka kunipokonya nikaiona dhuluma, na nilipohitaji uongo ndiyo niliyoikimbilia kujifunika. Na yenyewe ndiyo iliyonipa mpwa kama Hilari. Wewe umesoma, labda utakuja kunieleza.

Ndani ya bahasha hii kuna kitu nimekifunga kwenye kipande cha kitenge cha mama yako. Ni lile daraja. Nimelitoa kwenye kopo leo asubuhi, sijalifuta. Ukilitazama kwa juu utaona vijishimo sita, nyuzi zilivyokuwa zinakaa, na kimoja kimelika zaidi, ule uzi mwembamba uliokuwa unaupenda. Kwa haki ya mila ni la Hilari. Kwa haki ya vidole ni lako. Kuna na yule bwana wa Dar, jina la mtaa wake liko nyuma ya ile orodha ya shule, na kama aliliokoa gitaa nadhani daraja hili bado analihitaji. Nimewaza nimpe nani nikashindwa, na safari hii sitaki kuamua peke yangu. Mtakuwa wawili kwenye lori, na njia ni ndefu.

Nakusikia unarudi, unacheka na mtu hapo nje. Nifupishe.

Hilari hupiga honi mara moja tu. Toka, mpe begi alipakie. Usianze kumweleza lolote, na yeye hatakuuliza, namjua. Kabla hujapanda msimamie mbele umwamkie. Shikamoo tu, kama unavyomwamkia mtu mkubwa yeyote. Ataitikia. Ameingoja muda mrefu.

Baba yako.

Bado hujalala, nakuona kwenye taa ya jikoni unakunja nguo. Nilimpa mama yako aisome kwanza. Ameisoma yote, amenirudishia, amesema, "Umezunguka mpaka Tanga, neno lenyewe hujaliandika." Nimetazama ukurasa kwa ukurasa, kweli halimo. Nisamehe, Editha.